Miraji Mcha, Mpima Sumu katika Damu

Yamesomwa kwenye khitma yake, Mlandege, Ijumaa tarehe 12 Oktoba 1956

Ndugu na majirani mliokuja kutushika mkono, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu. Yaliyomo yote yanasomwa kwa ridhaa ya mama yake.

Marehemu Miraji Mcha alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, tarehe 14 Mei 1913, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mcha Haji na Bi Mwamvua Sheha.

Alihitimu msahafu chuoni kwao, kisha akasoma skuli ya Mkokotoni na baadaye mjini. Kila akivuka bahari kwenda skuli alitapika, jambo la aibu kwa Mtumbatu, mzaliwa wa mabaharia, nasi jamaa zake hatukuacha kumkumbusha mpaka ukubwani.

Mwaka 1934 aliajiriwa maabara ya hospitali mjini, na huko ndiko alikofanya kazi umri wake wote. Alipima sumu za vijidudu katika damu za wagonjwa, hasa sumu ya pepopunda, ambayo haionekani kwa darubini. Alichukua maji ya manjano yanayojitenga damu ikiganda, akawadunga panya weupe wawili. Mmoja alitangulia kupewa dawa ya kumkinga na pepopunda, mwengine hakupewa. Asiyekingwa akikakamaa na kufa, na mwenzake akibaki mzima, basi ni pepopunda. Bi Mwamvua aliposikia alishika kichwa.

"Mwanangu nimemsomesha, leo kenda kulea panya!"

"Naam, mama," alijibu marehemu, "na hawanisumbui kama nilivyokusumbua wewe."

Mwaka 1940 alimuoa Bi Shemsa Machano wa Jambiani. Posa nusura ivunjike. Baba yake Bi Shemsa aliambiwa kuwa kijana anachukua damu za watu, akadhani ni mumiani, akafunga mlango. Marehemu alirudi mara kwa mara mpaka akafunguliwa. Walipendana kwa utani mwingi, na sisi tuliokula nyumbani kwao tutaukosa utani ule.

Mwezi uliopita, akitengeneza banda la kuku la mkewe, alikanyaga msumari wenye kutu. Huyo huyo aliyewapimia wengine pepopunda alifanya kama tulivyofunzwa utotoni Jongowe: akamimina mafuta ya taa, akafunga kitambaa, akaenda kuswali. Hakumwambia mtu. Kidonda kikafunga, naye akasahau.

Jumapili tarehe 7, akiwa anakula wali na pweza aliopika Bi Shemsa, taya lilikaza na tonge likabaki mkononi. Alipofikishwa hospitali ndipo alipoutaja ule msumari; daktari aliutambua ugonjwa, akaanza kutayarisha sindano. Marehemu alimvuta mkono Abrahman, mwenzake wa maabara.

"Toa damu kwanza," alisema kwa meno yaliyofumbana. "Dawa ikishaingia, panya hawatosema kitu."

"Kaka, maradhi yenyewe yanaonekana. Damu ya nini?"

"Mama," alisema. "Shemsa. Chakula."

Abrahman alitoa damu, na hapo hapo daktari akadunga dawa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Na lile alilolihofia likawa. Kila mmoja hapa amelisikia: kwamba Shemsa kamlisha mumewe kitu. Habari ya msumari haikuaminiwa, maana mguu ulikuwa umepona. Bi Mwamvua, kwa uchungu wa mwana, alimkataza mkwewe asiingie kumuaga maiti, akasema na eda akaikae kwao Jambiani. Jeneza lilipotoka, Bi Shemsa alikuwa jikoni kwa jirani, akizisikia sauti za watu tu.

Jana Abrahman alikuja na vizimba viwili, akaviweka mbele ya Bi Mwamvua. Panya mmoja alikuwa amekufa, mkia umesimama kama kijiti. Mwengine alikuwa anatafuna mtama.

"Wote wamepewa damu ya Miraji," alisema Abrahman. "Huyu mzima alitangulia kupewa dawa ya pepopunda. Ingekuwa sumu ya chakula, mama, dawa hiyo isingemfaa. Angekufa na yeye."

Bi Mwamvua alimtazama yule panya mzima.

"Mwiteni Shemsa," alisema.

Bi Shemsa, aliyekuwa bado kwa jirani, alipoingia, Bi Mwamvua alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nshakunyima kumuaga mumeo. Sasa nitakupa nini?"

Bi Shemsa alikaa chini, akaweka kichwa mapajani mwa mama mkwe, wakalia pamoja. Ni Bi Mwamvua aliyetaka haya yasomwe mbele yenu nyote, ili yeyote aliyelibeba neno lile alitue hapa hapa.

Marehemu ameacha mama, Bi Mwamvua. Mabinti wawili, Mwanaasha na Time. Na mjane wake, Bi Shemsa, ambaye eda yake ataikaa hapa, chumba kimoja na mama mkwe. Kila mmoja wetu alimuaga Miraji, isipokuwa yeye. Mwenyezi Mungu ampe mja wake utulivu huko aliko, na yale ambayo mkewe hakupata kumwambia, amfikishie.