Chumba cha Uani Hakipangishwi

Sogeeni, wanangu Nestory na Teodora, na wewe Nestory zima hiyo simu, maana mauti hayaambiwi yapige baadaye. Mimi mama yenu mwili umechoka, lakini akili ingali nyumbani. Nyumba hii ya Ilemela ni yenu nyote wawili, pamoja na mawe yake, ila chumba cha uani hakipangishwi, si kwa kinyozi wala kwa muuza simu, na sababu naisema ili asitokee wa kudai hakusikia.

Baba yenu alipofariki, baba yenu mdogo Luhaga alikitaka kiwanja hiki kabla hata hatujaanua matanga. Mahakamani hakimu akaniuliza, "Mama, una pingamizi?" Nami kwa Kiswahili changu cha sokoni nikajibu, "Ninalo mheshimiwa, ila nimeliacha nyumbani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiwanja nilikipata, kwa kuwa hakimu alikuwa na subira akanifafanulia, lakini kicheko kile kilinikwama kooni kama mwiba wa sato, nikaapa kwamba chumba kile kitalea wanasheria wanaotoka kwenye nyumba zisizojua pingamizi ni mdudu gani.

Wa kwanza kukaa humo ni huyu Awuor aliyeketi miguuni pangu, binti wa wavuvi wa Mara, aliyemaliza kidato cha sita huku akiongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akaniambia, "Bibi, kwetu hakuna aliyewahi kusoma sheria." Nikamjibu, "Basi nafasi ipo wazi." Nikampeleka kwa wakili Obedi, akamwelekeza namna ya kuomba chuo na kumwazima vitabu; suala la sauti nikabaki nalo mimi. Jogoo wetu aliposhtakiwa kwa kula dagaa wa jirani Hellen, mimi nikawa hakimu, Nestory ukawa mwendesha mashtaka, Awuor akamtetea jogoo. Mnakumbuka alivyosimama? "Dagaa walianikwa juu ya jiwe letu, mheshimiwa, mteja wangu hakwenda kwao, wao ndio waliokuja kwake." Jogoo akaachiwa huru, ingawa Krismasi tulimla kwa sababu zisizohusiana na kesi.

Siku ya usaili wa chuo wakamuuliza kwao nani anaijua sheria. Akasema, tena kwa sauti iliyosikika mpaka koridoni, "Hakuna, ndiyo maana msinirudishe." Hawakumrudisha. Leo ni wakili, na kila Jumamosi huja kumfundisha Mashimba, mtoto wa wafugaji anayekaa chumba kile sasa, ambaye hubishana hata na redio. Mvumilieni, mficha uchi hazai, na anayeogopa kubisha hatetei mtu.

Nestory, usinikatize. Najua kodi ingekufaa. Lakini mkono mtupu haulambwi, na chumba kile ndicho mkono wangu.

Teodora, niinulie mto... hivyo. Luhaga mpelekeeni salamu, mwambieni nimemsamehe, ila asije kupima kiwanja siku ya mazishi. Mungu awape riziki ya halali... awape watoto wenye midomo... na masikio pia. Pendaneni. Asiyeridhika na wosia huu... akate rufaa kwa Mungu... atanikuta nimeshafika.