Ishbel Geddes Anashuka Basi la Bonde la Orran

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Ishbel Geddes anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi sita. Muda wote huo amefanya kazi moja tu: kuwaongoza watalii kwenye safari ya nusu siku, kutoka Inverness hadi Bonde la Orran na kurudi, kwa basi. Mimi, Wattie Cruickshank, nimekuwa dereva wake tangu mwaka 2001, na ndiyo sababu nimekabidhiwa kalamu.

Aliajiriwa Aprili 1994 akitokea duka la sufu. Siku yake ya kwanza kipaza sauti kilikataa kufanya kazi, naye akapiga kelele kwa saa tatu mfululizo hadi sauti ikamkauka. Wiki nzima akawa anaonyesha milima kwa kidole na kuandika majina kwenye ubao. Abiria waliipenda mno safari ile. Baadhi yao waliandika barua wakisema hawajawahi kupata mwongozaji mtulivu kama yule.

Wengi humkumbuka kwa ile theluji ya Machi 2006. Barabara ilifungwa mbele yetu na nyuma yetu, tukiwa na abiria thelathini na watatu. Ishbel alitembea kwa miguu hadi ukumbi wa kanisa la kijiji cha karibu, akawakusanya wanakijiji, na kabla ya jioni kila mtu alikuwa na bakuli la supu ya shayiri na blanketi. Mzee mmoja wa Ureno alilalamika kwamba hakulipia kulala.

“Basi usilale, babu,” Ishbel akamwambia. “Njoo uoshe masufuria.”

Akaosha, na hadi leo humtumia Ishbel kadi ya Krismasi.

Nilikusudia kuishia kwenye habari za aina hiyo. Nilipomwonyesha rasimu, aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

“Umeandika theluji tupu,” akasema. “Watu watadhani nilikuwa mtakatifu. Mwandike na Chirsty.”

Waliojiunga nasi karibuni hawamjui Chirsty MacRury. Aliishi kwenye nyumba nyeupe iliyo peke yake baada ya daraja la mawe, na kila siku saa tano, basi letu lilipopita, alikuwa amesimama getini na kikombe chake cha chai. Mwongozaji aliyemtangulia Ishbel alikuwa na hadithi juu yake, na Ishbel aliirithi pamoja na koti la mvua la kampuni. Hadithi ilisema kwamba zamani Chirsty alichumbiwa na dereva wa basi, dereva akaondoka na ahadi ya kurudi, na tangu hapo bibi huyu hukagua kila basi linalopita. “Mpungieni mkono,” Ishbel alikuwa akiwaambia abiria, “huenda mchumba ni mmoja wenu.” Nami nilipunguza mwendo. Watu walicheka, wakapunga mikono, na Chirsty akawapungia. Ilikuwa sehemu iliyopendwa kuliko ziwa, kuliko maporomoko. Ishbel aliisimulia kwa miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Juni 2007, asubuhi yenye mvua nyepesi, Chirsty alipanda basi letu mjini Inverness. Alivaa kofia na koti zuri la buluu, na Ishbel alikuwa nyuma akihesabu watu, hakumwona usoni. Mimi nilimtambua mara moja. Aliponipa tiketi aliniinamia.

“Usiseme kitu, mwanangu,” akaninong’oneza. “Nataka nione nyumba yangu wanavyoiona wao.”

Akakaa safu ya pili. Njia nzima alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini. Alimgawia jirani yake peremende, akamwonyesha ni shamba la nani lile na kondoo wa nani wale. Nami niliona daraja linakuja. Nilikuwa na dakika nyingi za kutosha. Ningeweza kukohoa, kumwita Ishbel mbele, kukanyaga mafuta tukapita upesi. Badala yake mguu wangu ulifanya ulichozoea, basi likapunguza mwendo, na Ishbel akaanza hadithi.

Geti lilikuwa tupu siku hiyo, kwa hiyo aliongeza kionjo. “Leo hayupo,” akasema. “Huenda hatimaye amekata tamaa na wanaume.” Basi zima likaangua kicheko.

Chirsty aliinuka kitini. “Nishushe hapa, dereva,” akasema, na nikasimama.

Alipita mbele ya Ishbel, ambaye bado alikuwa ameshika kipaza sauti, na hapo ndipo Ishbel alipomwona sawasawa. Chirsty hakupandisha sauti.

“Kumbe ndiyo hayo,” akasema. “Mimi miaka yote nilidhani mnanisalimia tu.” Kisha, akiwa ngazini: “Nilikuwa namuuguza kaka yangu, binti. Ewen alilala kitandani miaka ishirini. Saa tano ndiyo alikuwa akipata usingizi, nami natoka kuona watu.”

Ewen alikuwa amezikwa Aprili ile. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza Chirsty kuweza kuiacha nyumba yake tangu asubuhi hadi mchana, na alikuwa ameitumia kuja kukaa pamoja nasi.

Alifungua geti akaingia. Nyuma kabisa ya basi kulikuwa na bwana mmoja ambaye hakuelewa lugha yetu. Alimpungia mkono kwa bidii kupitia dirishani, kama alivyoona kwenye picha za tangazo letu. Chirsty alimtazama, wala hakuinua mkono.

Ishbel alizima kipaza sauti. Hakukiwasha tena hadi tuliporudi mjini.

Jumapili iliyofuata aliendesha gari lake hadi kule na skonzi alizooka mwenyewe. Mlango haukufunguliwa. Akaziacha kizingitini ndani ya kikapu, akarudi Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na kila mara alikuta kikapu cha wiki iliyopita kikiwa juu ya ukuta, kimeoshwa. Jumapili ya sita Chirsty alifungua.

“Skonzi zako ngumu,” akamwambia. “Ingia nikuonyeshe.”

Walikanda unga pamoja bila maneno mengi. Mwishowe Ishbel alimwomba msamaha.

“Nimekusamehe siku nyingi,” Chirsty akamjibu. “Ila pale getini siwezi kusimama tena. Nikisimama, nasikia kile kicheko.”

Na kweli hakusimama tena. Walikuwa marafiki kwa miaka minne na nusu, hadi Chirsty alipofariki Januari 2012, na Ishbel alikuwa miongoni mwa walioshika kamba za kuliteremsha jeneza kaburini. Lakini saa tano, kila tulipopita, pazia la nyumba ile lilikuwa limefungwa, na Ishbel aliyaona hayo siku sita kwa wiki.

Baada ya siku ile ya Juni aliipanga upya safari yote. Alikwenda nyumba kwa nyumba bondeni akiuliza watu wanataka kisemwe nini juu yao na kisisemwe nini. Waongozaji kumi na mmoja aliowafundisha wote wamesikia sharti lake: usiseme juu ya mtu neno ambalo huwezi kulisema akiwa amekaa safu ya pili. Wengi walidhani ni namna tu ya kusema. Safari yetu ilipopewa tuzo mwaka 2015, aliacha cheti ofisini wala hakukiulizia.

Nilipokuwa naandika hayo, niligundua kuna jambo sijawahi kumwambia. Jumanne iliyopita, tukiwa uani tunaosha basi, nilimweleza kwamba siku ile nilimtambua Chirsty tangu mlangoni.

Aliendelea kufuta kioo kwa muda.

“Miaka kumi na minane, Wattie,” akasema.

“Aliniomba nisiseme.”

“Najua alikuomba. Ungeniambia hata hivyo.” Akakamua kitambaa. “Nenda kaandike hilo nalo.”

Nimeliandika. Tangu siku hiyo tumefanya safari tatu, na anazungumza nami vizuri, ila kwa uangalifu kidogo ambao haukuwapo. Ninastahili.

Kuanzia Aprili, abiria watasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha tisa. Ishbel aliombwa awe sauti hiyo, akakataa, akisema sauti ya namna hiyo haiwezi kunyamaza inapopaswa. Anahamia Stornoway kwa dada yake, Dolina.

Ishbel, wenzako wa karakana, ofisi na barabara tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya, na zaidi kwa ile uliyoifanya Jumapili bila mshahara. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi, na siku nyingi za kukaa na watu unaowapenda. Nami nakuomba, ukipata nafasi, uniandikie.