Papa Nestor na Nyota Iliyojifunika Vumbi Lake

Tarehe 2 Julai Papa Nestor Kanyamibwa, mwalimu wetu wa fizikia, anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na minne. Kazi aliianzia kijijini kwetu, Kirolirwe. Anaimalizia hapa ukimbizini, chini ya turubai.

Kila msimu ambapo nyota nyekundu Bételgeuse huonekana, jioni anga likiwa safi, aliipima nyota hiyo kwa macho, akiilinganisha na majirani zake, kisha akaandika namba ya mwangaza wake daftarini. Tulimcheka sana. Mtu mzima, katikati ya shamba la maharagwe, shingo juu! Yeye alitufundisha kwamba nyota kubwa ikizeeka hutema gesi, gesi ikifika mbali hupoa na kuwa vumbi, na vumbi huizunguka ganda juu ya ganda. Darasani aliwasha tochi, akaupiga kofi mfuko wa unga wa muhogo mbele yake. Tochi ilififia bila kupungua moto. Prof, ndivyo tulivyomwita, alitoka mweupe hadi kope, na mkuu wa shule akauliza ni lini tumeajiri msaga unga.

Desemba 2019 Bételgeuse ilififia kweli. Papa Nestor, mtoto wa milima ya kwetu, alilaumu moshi wa volkano ya Nyiragongo na kufuta namba za wiki tatu. Myriam, mwanafunzi wa mwaka wa sita, ndiye aliyemkosoa: "Papa Prof, kama iko moshi, sababu ya nini zile nyota zingine ziko zinawaka tu?" Prof aliomba msamaha mbele ya darasa zima na kuzirudisha namba. Baadaye wataalamu walieleza kuwa nyota ilizibwa na vumbi lake yenyewe.

Myriam alisoma chuo, akarudi kufundisha nasi. Prof akistaafu, darasa na daftari vingekuwa vyake. Kisha vita vilifika Kirolirwe, tukatawanyika. Sisi tulishika njia ya huku, yeye na mama yake njia ya misitu ya Walikale. Akiwa njiani, kutoka Ntoto, alituma ujumbe mmoja: "Prof, huku pori inafunika mbingu, lakini nitatafuta fasi wazi ya kuonea nyota." Ni miezi kumi na sita sasa, na simu yake haiiti.

Papa Nestor aliomba mara mbili asogezewe kustaafu, amngoje. Mtoto wa jicho amekataa kungoja. Daftari amenipa mimi, Adelaïde, mwalimu wa Kifaransa, nisiyejua kitu cha nyota. Ninakadiria mwangaza, yeye ananikaripia. Nalia, naandika.

Asante, Papa, kwa watoto wote uliowainua nyuso. Wastaafu wengine huombewa miaka mingi na mapumziko mema, na hayo nawe tunakuombea. Lakini wewe mwenyewe umetuambia unachotaka, basi tunaomba hicho: Myriam awe hai.