Verlin Stogsdill na "Kuku" wa Oleta

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti, Verlin Stogsdill anashuka kwenye lori la kinu chetu cha ushirika baada ya miaka thelathini na minne, na hapandi tena. Nyonga imegoma. Yeye bado anabisha.

Zamani alikuwa mfugaji. Sote hapa Missouri tunaijua feskyu: nyasi ya kijani inayopendeza, ndani ina kuvu lisiloonekana lenye sumu. Kiangazi, ng'ombe walioila huwaka joto wakashinda bwawani; baridi ikija, miguu huoza kuanzia kwatoni. Baridi moja tu ilimmalizia Verlin kundi zima. Akaapa hafugi tena. Akaja kinuni kusaga mahindi na kuwapelekea wenzake, ili ng'ombe washibe nafaka na ile sumu iwapungue.

Tatizo letu ni kiburi. Ukilisha nafaka na malisho yako ni ya kijani, bonde zima linakuita mvivu. Kiangazi kimoja kikali, mjane Oleta Maggard alikuwa ameshaita gari la mnada lije kubeba ng'ombe alioachiwa na mumewe. Ndama mifupa mitupu, mama zao wamezama majini hadi shingoni.

Verlin akamwambia, "Dada, usiuze. Nitakuletea nafaka."

"Na majirani je?"

"Nitawaambia unafuga kuku."

Basi gari la mnada likaondoka tupu, na kila wiki lori la kinu likapita limefunikwa turubai. Hobart Yocum, jirani mwenye mdomo mpana kuliko banda lake, akamuuliza mbele za watu, "We Verlin, huyo mama ana kuku wangapi?"

"Sijui, bwana. Ila wakubwa."

Ndama wakanenepa, manyoya yakang'aa. Mwaka uliofuata Hobart alinyemelea mlango wetu wa nyuma, akitaka nafaka: "Na mimi nimeanza kuku." Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Tusidanganyane, nafaka hupunguza sumu, haiimalizi. Wapo ng'ombe waliokufa. Siku hizo Verlin alizima lori, akakaa na mwenye mali.

Jumapili iliyopita Oleta alimjia nyumbani akivuta mtamba wa kundi lake lile lililookolewa, amgawie.

"Nilishaapa, dada," Verlin akasema.

"Shika kamba, mkono unaniuma."

Akaishika. Mpaka giza linaingia alikuwa bado amesimama na mtamba uani, anamkuna shingo.

Asante, Verlin, kwa kila gunia. Sasa pumzisha miguu, nyonga ipone, na huyo mtamba akuzalie vyema.