Kiti cha Ndani Kilichowekwa Nje

Kwenye kona ya uwanja wa Skjern, mji mdogo wa Denmark, mbele ya duka la mikate, kuna benchi la mtiki linalokaliwa na watu watatu. Waziri jina lake halisi ni Preben. Aliendesha basi mpaka akaona amepata haki ya kutoa maoni juu ya kila kitu kilichopo kandokando ya barabara. Msumari ni Orla, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha viti kabla hakijafungwa. Ketty alikuwa msusi, na hana jina la utani kwa sababu ndiye anayewagawia wenzake. Chupa ya kahawa ni yake. Wa nne ni Verner, mtu mrefu, mkimya, aliyehamia mjini baada ya kuuza nyumba yake ya shamba. Siku ya kwanza alipofika alikuta benchi limejaa, akasimama pembeni na kikombe chake. Kesho yake akasimama tena. Wiki haijaisha, Ketty akambatiza Mlingoti. Jina likakaa. Mwenyewe hakukaa.

Alisimama hivyo misimu miwili ya baridi, na magoti yake yakawa yanamlaumu kila akipanda ngazi. Kwake kulikuwa na viti viwili, chake na cha marehemu mkewe, Birthe. Vinne vingine binti yao alivihamishia Norwe pamoja na maisha yake. Kiti cha Birthe kilikuwa hakijakaliwa tangu azikwe. Asubuhi moja ya Aprili Verner alikitazama muda mrefu akila mkate wake mweusi, kisha akakibeba kwapani, akashuka nacho hadi uwanjani, akakiweka kwenye ncha ya benchi lililokuwa bado tupu. Leo angekaa na wenzake. Hapo ndipo akakumbuka kwamba kikombe amekisahau, akarudi kukichukua.

Aliporudi, wenzake walikuwa wamekizunguka kiti kama watu waliomkuta mwendesha baiskeli kaanguka.

– Usikiguse, – Waziri alikuwa anamwambia Ketty. – Kitu kizuri kikiachwa wazi namna hii, ujue kuna mtu anakutega.

– Anitege mimi, kwa umri huu? Atakuwa na njaa kweli.

– Mlingoti, umeyaona maajabu haya? – Msumari akauliza.

Verner alifungua mdomo aseme kiti ni chake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Waziri alikuwa ameanza kuhutubia, na Waziri akianza ni kama basi lake la zamani, hasimami ila kituoni. Verner akanyoosha kikombe, Ketty akamjazia, naye akasimama mahali pake pa siku zote.

– Kwanza mjue hiki ni kiti cha ndani, – Msumari akasema. – Mwaloni huu, umetunzwa kwa sabuni, si vanishi. Kikalio ni kamba ya karatasi iliyosokotwa. Benchi letu ni mtiki, lipigwe mvua, lipigwe theluji, linaota mvi tu kama sisi. Hiki kikinyeshewa, kamba zinalegea, kwisha habari.

– Mvi hizo ni uvivu wenu, – Ketty akasema. – Benchi hili lingepakwa mafuta kila mwaka lingekuwa linang'aa mpaka leo.

– Mtiki wa nje unaachwa uzeeke wenyewe.

– Kama kichwa chako.

– Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, – Waziri akasema akiinua kidole. – Ndiyo maana mafuta na mvua havipatani.

Hakuna aliyemuuliza maana yake. Walishamzoea.

– Mimi ninachosema ni hiki, – Msumari akaendelea. – Kiti cha ndani kikionekana nje, ujue huko nyumbani kuna jambo.

Verner akatazama ndani ya kikombe chake.

– Jambo gani zaidi ya talaka? – Ketty akasema. – Nimesuka vichwa vya wanawake wa mji huu, msinifundishe. Viti vilikuwa saba. Mume kachukua vitatu, mke kachukua vitatu, hiki kimoja kimewatoa roho. Jaji kachoka, kasema kitupeni barabarani, kila mtu akose.

– Jaji gani huyo? – Msumari akasema. – Si angekichukua mwenyewe.

– Nyinyi bado watoto, – Waziri akasema. – Hiki ni cha manispaa. Kuna kamera imefichwa mguuni. Wanataka kujua hapa tunakaa wangapi, halafu waling'oe benchi walete lile la chuma, lenye vigingi katikati.

– Kamera ya mguuni itaona nini, Waziri? Soksi zako?

– Soksi zinasema mengi, dada. Tena sijamaliza. Manispaa peke yao hawana akili hiyo. Nyuma yao kuna Waswidi.

– Haya, Waswidi wamefika, – Ketty akasema, akajiongezea kahawa.

– Cheka tu. Waswidi wanauza viti dunia nzima, vyote vya kufunga kwa skrubu. Lakini siri ya kukaa hawana. Kukaa ni kwetu. Basi wameleta chambo hiki, Mdenmaki akikaa tu wanapima mgongo wake, kesho wanatuuzia mgongo wetu wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiyo maana nafua kila Jumatatu.

Msumari alicheka mpaka akakohoa. Verner naye alitabasamu. Hii angemsimulia Birthe mchana, akaona tayari anavyofuta macho kwa aproni na kusema, rudia pale pa soksi. Alikuwa ameshaanza kuipanga hadithi kichwani, aanzie wapi, amalizie wapi, ndipo alipokumbuka. Bado yalikuwa yanamtokea hayo.

Msumari alipiga magoti kwa shida, akachungulia chini ya kikalio, akapapasa kamba.

– Aliyesuka hiki alitumia mkono wa kushoto.

– Umejuaje? – Verner akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile, na lilitoka kwa kishindo kuliko alivyotaka.

– Zinazunguka kinyume. Kiwandani tulikuwa na mama mmoja wa hivyo. Tena angalia, huku pembeni alikuwa na haraka, amevuta vuta tu. Halafu kuanzia hapa katikati akatulia. Imenyooka kama maji.

Verner aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Birthe alikisuka jikoni, msimu mmoja wa baridi, mtoto akilia chumba cha pili. Kumbe mtoto alilala Birthe alipofika katikati. Tangu ahamie mji huu hakuna mtu aliyewahi kumtaja mkewe, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba aliishi. Na sasa mtu huyu, aliyepiga magoti juu ya mawe, alikuwa ameushika mkono wa Birthe.

– Msumari, – alianza.

– Mkono wa kushoto! – Waziri akadakia. – Si ndiyo hapo sasa? Ushahidi huo. Mswidi ndiye anayefanya kinyume.

– Nyamaza kidogo, – Ketty akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. – Bibi yangu kule Thy alikuwa na neno. Kiti kizuri kikiwekwa nje na mwenyewe haonekani, ni cha marehemu. Anapita, amechoka, anapumzika. Ukikikalia, umekaa naye moja kwa moja.

Safari hii hata Waziri alirudi nyuma hatua moja.

– Si vibaya, – Verner akasema, lakini kwa sauti ndogo, na hawakumsikia.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka juu ya mawe. Mama mmoja wa makamo, mwenye koti la kijani, alitoka dukani na mfuko wa mikate, akauweka kwenye kikapu cha baiskeli yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona. Aliwatazama wote, akatazama kiti.

– Samahanini, – akasema. – Huyu bwana mbona mmemwacha amesimama, na kiti kipo?

Waziri alicheka.

– Huyu? Huyu ni Mlingoti.

Yule mama alingoja, kwa sababu hilo halikuwa jibu.

– Yeye hupenda kusimama, – Waziri akaongeza.

– Aliwaambia?

Waziri akamgeukia Msumari. Msumari akamgeukia Ketty. Ketty akaanza kufunga kifuniko cha chupa, akakifunga, akakifungua tena.

– Mlingoti, – akasema, – uliwahi kusema?

– Sikusema, – Verner akajibu. – Na kiti ni changu. Ni cha mke wangu. Nilikileta nikae.

– Una mke? – Ketty akauliza.

– Nilikuwa naye. Birthe. Ndiye aliyekisuka.

– Siku zote hizo, hukutuambia.

– Hamkuuliza.

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa. Waziri alitafuta methali, wakamwona kabisa anaitafuta, hakuipata.

– Kamba zinalowa, jamani, – Msumari akasema. Alivua koti lake, akalitandika juu ya kikalio, akakiinua kiti. – Unakaa wapi, Verner?

Hata jina lake alikuwa hajalisikia kinywani mwa mtu kwa muda mrefu.

– Pale juu ya duka la saa. Kahawa ipo.

– Yangu imekwisha, – Ketty akasema, ingawa chupa ilikuwa bado nzito mkononi mwake.

Wakakimbia, kadiri wazee wanavyoweza kukimbia. Ndani walikuta meza moja ndefu, ya watu sita, na kiti kimoja. Msumari alikiweka cha Birthe karibu na bomba la joto, si karibu sana, akazikausha kamba kwa taulo. Verner alimkaribisha Ketty kwenye kile kingine. Ketty alikataa. Waziri naye akakataa. Kila mmoja alishika kikombe chake, wakanywa wamesimama wote wanne kuizunguka meza, huku mvua ikipiga dirisha, na Verner akawasimulia habari za mtoto aliyekuwa akilia na mkono uliokuwa na haraka. Hakujua kusimulia. Alirudia rudia, akaruka mahali. Walimwacha.

Kisha akaweka kikombe mezani.

– Yule mama je?

– Mama yupi?

– Mwenye baiskeli. Anaitwa nani?

Waziri, aliyewafahamu watu kwa vituo walivyoshukia, alikuna kidevu.

– Anakaa wapi? – Verner akaendelea. – Ana nani?

Hawakujua. Alikuwa amewauliza swali lake, nao wakakimbia na kiti wakamwacha kwenye mvua. Verner akaenda dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu, na benchi lilikuwa jeusi kwa maji.

Asubuhi iliyofuata alishuka tena na kiti, kikavu, akakiweka palepale. Waziri akapangusa kikalio kwa kiganja.

– Haya bwana Verner, kaa. Leo hakuna mjadala.

– Kina mtu hicho.

– Nani?

– Yule wa baiskeli, akipita.

Walielewa. Ketty akamsukuma Waziri kwa nyonga, Waziri akamsukuma Msumari, ikapatikana nafasi, na Verner akaketi. Walibanana kidogo, basi. Benchi lilitosha wanne. Lilikuwa linatosha tangu siku ile ya kwanza, na kila mmoja aliliona hilo.

Wakanywa kahawa wakitazama njia ya stesheni. Baiskeli zilipita, nyingine na vikapu, ila koti la kijani halikuonekana. Chupa ilipokwisha bado walikuwa wamekaa.