Wimbo wa Koti na Mwenye Koti

Jumamosi ile benchi la nje ya saluni ya Cleophus, Memphis kusini, lilijaa kabla jua halijaupata ukuta. Lilikuwa benchi la kanisani hilo, likaletwa kijiweni lilipovunjika mguu, na uongo liliousikia pale umeshazidi mahubiri yote liliyowahi kuyasikia kule. Mlangoni alikaa Shemasi, ambaye kweli ni shemasi. Katikati alikaa Waya, fundi redio. Pembeni, kikombe mkononi, alikaa Thaddeus Gillam, ambaye kwa miaka aliyofunga mabehewa kituo cha treni mtaa mzima unamwita Reli. Cleophus mwenyewe alikuwa anaingia na kutoka na birika la kahawa, huku mteja wake amemwacha ndani na povu kidevuni.

Reli alikuwa na jambo. Alasiri hiyo yeye na mkewe Odelle walikuwa wanasherehekea miaka thelathini ya ndoa katika ukumbi wa kanisa, na binti yao Renita alitaka kujua dansi ifunguliwe kwa sahani gani ya santuri. Wimbo haukuwa na ubishi: "Bado Umevaa Koti Langu", wa Amos Tunstall. Ujanani Reli alimfunika Odelle koti kituo cha basi, mvua inanyesha, basi likaja, Odelle akapanda, akaondoka na koti. Alipolifuata kwao ndipo mambo yalipoanza. Lakini wimbo ule umerudiwa na kila mwenye koo, na ubishi ulikuwa ipigwe sahani ya nani.

— Acha mchezo, Reli, alisema Shemasi. Piga wa Tunstall mwenyewe. Chema chajiuza.

— Ule una kasoro, alisema Waya. Ubeti wa tatu, anaposema "koti", sauti inakatika. Watu watadhani spika zimeungua.

— Haikatiki! Inalia!

— Inalia nini? Nilikuwepo mimi. Studio ilikuwa duka la viatu zamani, paa linavuja. Tone likaingia kwenye maikrofoni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo na paa wapi na wapi?

— Maji ni maji.

Cleophus alisimama mlangoni, wembe juu.

— Maji gani, bwana? Mwiba wa kambare! Tunstall alikula samaki wa kukaanga, akaitwa kuimba hajamaliza. Mtu mwenye mwiba kooni hawezi kuimba uongo. Ndiyo maana hao waliourudia wameshindwa. Hakuna aliyekula samaki kwanza.

— Cleophus, povu linanikaukia! mteja alipiga kelele ndani.

— Mvumilivu hula mbivu! Tulia!

Shemasi aliinamia mbele, akashusha sauti kama anayetangaza msiba.

— Sikilizeni ukweli. Mwanamke aliyeimbiwa aliingia studio siku ile, amebeba koti. Akaliweka juu ya kinanda, akatoka bila neno. Tunstall ndiyo kwanza anaingia ubeti wa tatu.

— Nani kakwambia?

— Mjomba wa mpiga tarumbeta.

— Mpiga tarumbeta alikuwa yatima!

— Sasa yatima hana mjomba?

Reli alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Aliwapenda watu hawa. Hata hivyo saa zilikuwa zinakwenda, na Renita amemwambia kabla ya mchana.

— Jamani, nisaidieni. Yule Mwingereza je?

— Yule kijana? Waya alikunja uso. Anaimba kama koti amelikodi.

— Na wa Jamaika?

— Mtamu, alikiri Shemasi. Ila ule ni wa kuchezea nyonga, na mchungaji atakuwepo. Pigeni ule wa kwaya yetu. "Bado Umevaa Vazi la Wokovu."

— Shemasi! Huyu anataka kumkumbatia mkewe, hataki kubatizwa!

— Hawa vijana wa kufokafoka nao, alidakia Cleophus, wamechukua maneno mawili tu, wakayakimbiza mpaka Tunstall anasikika kama kindi aliyebanwa mlangoni. Mjukuu wangu akanikatalia kwamba wimbo ni wa zamani. Eti kindi ndiye wa kwanza!

Walikuwa bado wanabishana kuhusu kindi gari lilipoegeshwa mbele yao. Akashuka Vestalene, dada yake Odelle, aliyekuja kuazima viti vya saluni kwa ajili ya ukumbi. Alisimama akasikiliza, mikono kiunoni.

— Shemeji, hamjambo. Mnagombana nini asubuhi yote hii?

— Tunachagua wimbo wa Odelle, alisema Reli.

— Na Odelle mwenyewe anapenda upi?

Waya aliangalia ndani ya kikombe chake. Shemasi alikohoa. Cleophus akakumbuka kwamba ana mteja.

— Shemeji, si nakuuliza wewe?

Reli kwa miaka thelathini ameuimba wimbo ule jikoni, kwenye gari, bafuni. Hakuwahi kuuliza. Aliweka kikombe chini, akashika njia ya nyumbani.

Alimkuta Odelle amevaa vibiringisho vya nywele kichwani, anaponda viazi vitamu vya keki.

— Mama Renita, ule wimbo wetu. Unapenda wa nani?

Odelle aliacha kuponda.

— Nani kakutuma?

— Dada yako.

— Nilijua. Akili hiyo si ya benchini.

Alifuta mikono, akaenda sebuleni, akavuta sahani moja ndogo nyuma ya zile za Krismasi. Reli hakuwahi kuiona. "Njoo Ulichukue", imeimbwa na Loretha Binns. Sindano ikagusa, na sauti ya mwanamke ikaingia, nzito, haina haraka: koti lako liko msumarini, halijui kukumbatia, usinitumie wimbo, njoo mwenyewe.

— Hili ni jibu, alisema Odelle. Loretha alimjibu Tunstall. Lilitoka ule mwaka ulipokwenda Detroit kuunda magari.

Reli aliukumbuka mwaka ule. Krismasi ilikuja, yeye akachukua zamu za ziada, akamtumia mkewe sahani ya Tunstall kwa posta. Siku zote alihesabu lile kuwa jambo la kimapenzi kuliko yote aliyowahi kutenda.

— Hukuupenda wimbo wangu?

— Niliupenda. Lakini mimi nilitaka mume, Thaddeus. Renita alikuwa anaota meno, bomba la maji limeganda, na posta inaniletea Tunstall. Nikaupiga huu na Vestalene mpaka jirani akagonga ukuta. Tulilia, tukacheka.

— Kwa nini hukuniambia?

— Masika ulirudi. Ulipokuja mwenyewe, ningekuambia nini tena?

Reli aliketi kwenye kiti cha karibu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha akamwangalia mwanamke huyu mwenye viazi kwenye viwiko, aliyemngoja akiwa na nyimbo zake mwenyewe.

— Uanze tena, alisema. Sijashika maneno.

Alasiri ukumbi ulinukia mbavu za kuchoma na manukato ya Jumapili. Shemasi alikuwa ameshajiandaa kufumba macho kwa ajili ya Tunstall. Renita akashusha sindano, ikaja sauti ya Loretha, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza wanawake wote, kuanzia wapishi hadi mke wa mchungaji, walikuwa wameudaka. Kila neno walilijua. Wanaume walisimama, sahani za nyama mikononi, wakitazamana.

— Huu umetokea wapi? Waya alimnong'oneza mkewe.

— Kwako. Uko kwenye rafu ya chini, usiyoigusa kwa kuwa ni nyimbo za wanawake.

— Basi asiyesikia la mkuu...

— Nyamaza, unanipotezea ubeti.

Katikati ya ukumbi Odelle alimtangulizia Reli kila mstari sikioni, neno moja mbele ya Loretha, ili asipotee. Reli alikosea, akamkanyaga kiatu, akacheka, akaendelea. Kiitikio kilipokuja mara ya mwisho hakungoja kuambiwa. Alikitoa kwa sauti yake yote ya kituo cha treni, pamoja na wanawake, mwanamume peke yake ukumbi mzima: usinitumie wimbo, njoo mwenyewe.