Mashini ya Emmanuella Inafunga Macho

Pale Muhumba, mbele ya saluni ya Télesphore, kuna benchi ya mbao ambayo mguu wake wa nne ni tofali mbili. Mwenye benchi ni Maman Domitille, kwa kuwa ndiye mwenye kahawa. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha ikaisha, kahawa ilikuwa nzito, na kila mtu alikuwa kwenye nafasi yake kama meno mdomoni. Kulikuwa na Télesphore mwenyewe, wanayemwita Procureur kwa sababu kila jambo analitafutia mwenye kosa. Kulikuwa na Christophe, wanayemwita Météo, ambaye hata ukipoteza ufunguo atakuambia ni hali ya hewa. Na kulikuwa na Gracien, wanayemwita Ingénieur kwa kuwa ana bisibisi, tournevis yake mwenyewe. Domitille alikuwa anapima unga wa kahawa kwenye mizani yake ndogo ya namba, moyo umetulia. Mizani hiyo ililala miezi miwili bila pile, batri yake ndogo, na Jumamosi iliyopita Gracien alimletea pile kama zawadi. Tangu siku hiyo Gracien ananywea kikombe kikubwa.

Emmanuella, binti wa jirani, alifika na kompyuta yake imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Aliomba courant, umeme wa saluni, kwa Procureur, akachomeka, akaweka mashini kwenye magoti, akaanza kulia bila sauti.

Alieleza kidogo kidogo. Alikuwa amezunguka Nyantende kwa miguu, akauliza wakulima mia mbili na kumi na mbili habari za ugonjwa wa migomba. Majibu yote yako ndani ya programu ya takwimu. Tangu jana programu hiyo ukiifungua inaonyesha uso, halafu inajifunga. Ameitoa na kuirudisha mara tatu, bado. Na saa nane directeur anayesimamia utafiti wake anataka kuona hesabu kwenye mashini yenyewe, kule chuoni, kwani jioni anapanda meli ya Goma.

— Asipoona leo, kumaliza ni mwaka kesho, alisema.

Procureur aliuliza nani aligusa mashini mara ya mwisho. Emmanuella alisema ni Ingénieur, Ijumaa, aliitoa vumbi. Ingénieur alikohoa, akasema vumbi likitoka halimdhuru mtu. Procureur akamwachilia pale pale, maana walikuwa wanagawana sigara, akaishitaki mashini. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, sivyo? Basi ilizoea bureau na hesabu za wakubwa. Leo inaletewa ndizi za Nyantende, inakataa.

Météo alisema hapana, hiyo ni gesi ya ziwa. Asubuhi gesi inapanda, inaingia kwa matundu ya pembeni, programu inaivuta, inazimia. Yeye mwenyewe akishuka karibu na maji simu yake inazima. Domitille, aliyejua kwamba simu ile huwa haijachajiwa, aliendelea kupima.

Ingénieur akaona wamemwacha nyuma. Alisema batu mia mbili na kumi na mbili hawawezi kupita mulango moja kwa mara moja. Watoshe kwanza inje wale kumi na mbili, wengine waingie polepole.

— Lakini tonton, inajifunga kabla mutu hata moja aingie, alisema Emmanuella.

— Basi moja kati yao alidanganya juu ya ndizi zake, alisema Procureur. Na programu imejua.

— Kama uongo unafunga mashini, alisema Domitille, simu yako wewe ingefungwa zamani.

Hata Emmanuella alicheka, huku anafuta pua.

Hapo ndipo alipofika Maman Adèle kutoka Nyantende, kikapu cha kahawa mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ndiye anayemletea Domitille kahawa kila mwezi. Alisalimu kwa Kishi, lugha ya kwao, akatua mzigo, akatoa karatasi ya chanjo ya mjukuu wake.

— Niambieni, leo ni tarehe ngapi?

Météo alisema kumi na saba. Procureur alisema kumi na tisa. Kalenda ya saluni ni ya zamani, anaiacha kwa sababu ya picha. Domitille alijua ni Jumanne, na hiyo ilimtosha. Hakuna aliyetoa simu, kwani kwenye benchi ile kutafuta jibu ni kukubali umeshindwa. Emmanuella, aliyekuwa na mashini magotini, aliangalia kona ya chini ya kioo.

— Inasema mbili janvier... deux mille neuf.

Wote waliinamia kioo: tarehe mbili Januari 2009.

— Deux mille neuf mama ya huyu mujukuu wangu alikuwa anaruka kamba, alisema Adèle.

Emmanuella alijipiga kwenye paji. Programu ile ina ruhusa ya kutumiwa inayoanza mwaka huu. Ikiamka na kuona deux mille neuf, inaona ruhusa yake haijaanza, inajifunga. Alichukua tarehe ya kweli kwenye simu ya Procureur, akaiandika, akafungua. Programu ilionyesha uso na haikuuficha tena. Wakulima wa Nyantende walitokea mstari kwa mstari, wote mia mbili na kumi na mbili. Benchi nzima ilikunywa kwa furaha, kila mtu akisema alikuwa karibu kupata.

Emmanuella alichomoa waya aondoke. Mashini ilizima papo hapo, kwani batri yake kubwa ilishakufa zamani. Alichomeka tena. Deux mille neuf.

— Kule courant inakata kila saa. Mbele ya directeur nitarudi deux mille neuf mara ngapi?

Domitille aliacha kijiko. Aliangalia mizani yake, akamwangalia Gracien, na hakupandisha sauti.

— Ingénieur. Ile pile uliniletea Jumamosi, uliitosha ndani ya nini?

Gracien alichungulia ndani ya kikombe kikubwa kama aliyeangusha kitu humo.

— Niliiona inakaa tu mule ndani, maman. Mashini inakula courant ya ukuta. Ile pile haikuwa na kazi.

— Kazi yake ni kukumbuka, tonton, alisema Emmanuella.

Domitille aligeuza mizani tumbo juu, akaifungua kwa ncha ya kisu, akatoa kapile kadogo kama kifungo cha shati. Alikapangusa kwenye kitenge, akamwekea Gracien mkononi. Gracien alifungua mashini kwa tournevis, akakaweka mahali pa ile aliyoitoa. Walirudisha tarehe, wakachomoa, wakachomeka. Ilikumbuka. Saa saba Emmanuella alikuwa juu ya pikipiki, anashuka chuoni, mashini kifuani.

Adèle alisogeza kikapu chake mbele ya Domitille. Aliiangalia mizani iliyolala tumbo wazi, namba zimezimika.

— Na sasa kahawa yangu utaipima na nini?

Météo aliangalia mawingu. Procureur, kwa mara ya kwanza, hakutafuta mwenye kosa. Gracien alinyoosha mkono kuchukua kikombe chake kikubwa, akakuta kimeshaoshwa na kufunikwa.